Je, Wajua? PlayStation au Kompyuta ya Gemu: Mahesabu ya Chini ya Milima ya Upare

Uniti moja, saa ngapi za mchezo?
PlayStation 5 ikiwa mchezoni hula wati 200 hivi, kwa hiyo uniti moja ya LUKU huisha baada ya saa 5. Kadi ya picha ya RTX 5090, kipande kimoja tu ndani ya kompyuta kali ya gemu, huweza kula hadi wati 575: peke yake inamaliza uniti hiyo kabla ya saa 2 kutimia, na hapo kioo bado hujakihesabu! Mitambo ya bwawa la Nyumba ya Mungu, jirani zetu wa upande wa Mwanga, ina uwezo wa megawati 8. Hizo zingewasha PlayStation 5 zipatazo 40,000 kwa mpigo. Kadi zile zisingefika 14,000.

Ndiva moja, au mbili?
Kumbukumbu yote ya PlayStation 5, GB 16, ni ya pamoja. Prosesa na sehemu ya kuchorea picha huchota humohumo, kama mashamba ya Upareni yanavyogawana ndiva moja, yaani bwawa dogo la kumwagilia linalojaa maji usiku kucha. Kompyuta ya gemu ina ndiva mbili, kila moja na mfereji wake. Tena ndiva ya prosesa mara nyingi unaweza kuipanua mwenyewe kwa kuchomeka kipande kingine. Ya PlayStation itabaki kama ilivyotoka kiwandani. Hapa kompyuta inashinda, na kwa mbali.

PlayStation zilizoingia jeshini
Mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PlayStation 3 zaidi ya 1,700 zikawa kompyuta moja kubwa. Sababu? Bei nafuu! Kumbe mashine ya gemu ni kompyuta iliyovaa nguo nyingine.

Ile ya zamani ndiyo bingwa
PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 155, yaani mara mbili na nusu ya Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kumbukumbu yake ilikuwa MB 32, ambazo leo picha kumi hivi za simu zinazijaza.

Kiswahili kilichoshinda Grammy
Wimbo wa kwanza wa gemu kushinda Grammy, mwaka 2011, umeimbwa kwa Kiswahili: “Baba Yetu” wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana. Ulitungiwa Civilization IV, gemu ya kompyuta ya mwaka 2005. Utafute usikilize, mwili utasisimka.

Nani achukue ipi?
Kwa mpira wa sebuleni na ndugu, padi mbili mkononi, nunueni PlayStation. Lakini gemu za PlayStation zenyewe hutengenezwa kwa kompyuta. Kijana wa Same anayeota kutunga gemu ya faru wa Mkomazi aanze na kompyuta, hata ile ya kawaida.