Nywele Zikinyonyoka, Je, Tatuu ni Jibu?

"Dada, ni kweli kuna tatuu ya kuotesha nywele?" Swali hili tunaulizwa sana tukienda mashuleni, na wanaouliza si wazee wenye vipara. Ni wasichana ambao nywele za mbele zimekimbia kwa kubanwa na rasta, na wavulana wenye baka tupu kisogoni.

Jibu ni hapana. Tatuu ya kichwani haioteshi hata unywele mmoja. Fundi huchukua mashine yenye sindano na kuingiza wino chini kidogo ya ngozi ya juu, nukta ndogo ndogo kwa maelfu. Kwa mbali utadhani mtu amenyoa jana. Ukipapasa, ngozi tupu. Na baada ya miaka kadhaa rangi hufifia, unarudi kulipa tena.

Kwa mtu mzima mwenye upara wa kudumu, au kovu la moto kichwani, si jambo la kumcheka. Wako wanaoifurahia. Lakini wewe una miaka 16, na huenda nywele zako bado zipo.

Kwani kila unywele una shina ndani ya ngozi, na shina likiwa zima nywele hurudi. Kusuka kwa kubana sana hulivuta shina hilo. Ukiona vipele kwenye mstari wa mbele, au kichwa kinauma mpaka hulali usiku ule wa kusuka, fumua! Ukiacha mapema zitaota tena, kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukiendelea miaka na miaka shina hugeuka kovu, na hapo hakuna mafuta ya dukani yatakayosaidia.

Je, baka lina magamba na linawasha? Huenda ni mapunye, yaani fangasi wa kuambukizana kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyolea. Mafuta peke yake hayafiki kwenye shina; unahitaji vidonge vya wiki kadhaa. Ukipiga tatuu juu yake, umefunika ugonjwa unaotibika.

Halafu kuna lile baka la duara, laini kama yai, linalotokea ghafla. Hapo kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia mashina ya nywele. Haliambukizi (wala hujalogwa na mtu wa bweni la pili), na mara nyingi nywele hurudi zenyewe. Wengine haziwarudii. Mbunge wa Marekani, Ayanna Pressley, alipoteza nywele zote kwa ugonjwa huu. Januari 2020 alijitokeza bila wigi, na kazi ya ubunge akaendelea nayo.

Sasa hiyo sindano. Ikiwa imetumika kwa mwingine, inaweza kukuachia homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI. Kirusi cha homa hiyo ya ini huweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza, kwa hiyo fundi akikwambia "nimeifuta na spiriti", ondoka. Na kama ulitoboa sikio likaota kovu la kuvimba, kichwani usiguswe kabisa.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakishindwa watakuandikia rufaa kwa daktari wa ngozi. Mweleze lini ilianza, unasuka vipi, na nani mwingine nyumbani anajikuna kichwa. Usipake piko wala wanja kuficha baka siku hiyo, maana anataka kuiona ngozi yenyewe.