Mwanangu na mdomo wa bata: nilichojifunza kwa Kirk Whalum wa Houston

Mimi ni muuguzi, naishi huku kati ya Dallas na Fort Worth. Diploma niliipata nyumbani Tanzania, digrii nikaimalizia hapa hapa Texas, nikifanya zamu za usiku na kulea watoto. Leo sitaandika kuhusu presha wala sukari. Nataka tuongee kuhusu saksafoni, kwa sababu imeingia nyumbani kwangu na haina dalili ya kutoka.

Wenye watoto kwenye shule za Texas mnajua mambo yalivyo. Mtoto akiingia darasa la sita anachagua kuimba, kuchora au kuingia bendi. Bendi ni somo kamili, lina kipindi chake, mwalimu wake na mitihani yake. Wa kwanza wangu alirudi nyumbani na karatasi ya kukodi ala, akaonyesha kidole kwenye picha ya saksafoni, ule ambao baba yangu Morogoro aliuita mdomo wa bata. Nikasaini. Niliona ni mchezo wa mwaka mmoja. Kwa miezi ya mwanzo nyumba ilikuwa kama kuna bata kweli, tena mgonjwa, na mimi ndiyo nimetoka zamu nataka kulala.

Mwaka jana, tukiwa tunakula chakula cha jioni, akasema anataka kusomea muziki chuo kikuu. Baba yake akaweka kijiko chini. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti: "Sikuvuka bahari kuja kulea mpiga bendi." Mtoto hakujibu. Akamaliza chakula, akaosha sahani yake, akaenda chumbani. Kwa wiki tatu boksi la saksafoni halikufunguliwa, lilikaa chini ya kitanda. Nilikuwa nimeutaka ukimya, na nilipoupata sikulala.

Kazini tumefundishwa usitoe jibu kabla hujasoma faili la mgonjwa. Nikaona nisome faili. Nilitaka kujua mtu anayepuliza jazi laini, ile Wamarekani wanayoiita smooth jazz, anaishi vipi, analipwa na nani, na anaanzia wapi. Mtu niliyemkuta kila nilikopekua ni Kirk Whalum.

Jina huenda hulijui, lakini pumzi yake umeisikia. Kama uliwahi kuhudhuria send-off au harusi Dar, Nairobi au Kampala miaka ya 1990, ulisikia wimbo wa Whitney Houston "I Will Always Love You", ule wa kwenye filamu ya The Bodyguard ya mwaka 1992. Dada anaimba, anaimba, halafu katikati saksafoni inachukua usukani. Hiyo saksafoni ni Whalum. Haifiki dakika moja. Wimbo wenyewe ulikaa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki 14, na mtunzi wake ni Dolly Parton, mwimbaji wa kantri. Sisi tulidhani ni wimbo wa harusi, kumbe ni wa kuagana. Hayo tuyaache.

Whalum alizaliwa Memphis, Tennessee, mwaka 1958. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, bibi yake mwalimu wa piano, na baba zake wadogo walikuwa wanamuziki. Muziki aliukuta nyumbani na kanisani. Kilichomleta Texas, na hapa ndipo nilipokaa wima kitini, ni ufadhili wa masomo. Chuo Kikuu cha Texas Southern, kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa ajili ya wanafunzi weusi katika mtaa wa Third Ward, Houston, kina bendi ya kuandamana inayoitwa Ocean of Soul. Whalum alipuliza kwenye bendi hiyo. Yaani ile ile bendi ya uwanja wa mpira, ya kofia zenye manyoya na jua la Septemba, ndiyo iliyomfungulia mlango wa chuo. Mimi Ijumaa zote hizo nilikuwa nakaa jukwaani nikichezea simu, nikingoja mpira uishe.

Mwaka 1979 akaunda bendi yake na kuanza kupiga kwenye klabu za Houston. Miaka mitano hivi ya kupiga usiku baada ya usiku, watu wakila na kuongea. Mwaka 1984 mpiga kinanda Bob James alikuja Houston, akamsikia, akampandisha jukwaani na kumtia kwenye albamu yake. Baada ya hapo ukaja mkataba na Columbia: albamu ya Floppy Disk mwaka 1985, And You Know That! mwaka 1988, na nyingine tatu. Akahamia California, akawa anaitwa studio kupulizia watu kama Barbra Streisand, Luther Vandross na Quincy Jones. Kisha akazunguka na Whitney Houston kwa miaka mingi.

Lakini tusiondoke Houston haraka, kwa sababu yule kijana wa Memphis hakukuta jiji tupu. Alimkuta Arnett Cobb. Huyu mzee alikuwa mmoja wa wapulizaji wa ule mlio unaoitwa tena ya Texas: mnene, wa kifua, una kilio cha bluzi ndani yake. Cobb alisoma shule ya sekondari ya Phillis Wheatley ya Houston, shule ile ile aliyosoma Illinois Jacquet. Jacquet ndiye aliyepuliza ile solo maarufu ya "Flying Home" mwaka 1942 kwenye bendi ya Lionel Hampton, na alipoondoka, Cobb ndiye aliyeshika nafasi yake. Mwaka 1956 Cobb alipata ajali mbaya ya gari, miguu ikaumia vibaya, akatembelea magongo mpaka alipofariki mwaka 1989. Na aliendelea kupiga. Mimi nawahudumia watu waliovunjika, najua kusimama dakika kumi kwa magongo kunavyokausha mtu pumzi. Yeye alikuwa anasimama hivyo jukwaani na kuitoa pumzi hiyo hiyo kwenye tena, ala ambayo si nyepesi shingoni.

Jiji hilo pia lilikuwa na mwalimu Conrad Johnson, naye mpuliza saksafoni, aliyefundisha bendi ya shule ya Kashmere mpaka mwaka 1978. Watoto wa mtaa wa kawaida walirekodi fanki ambayo wakusanya santuri wanaitafuta hadi leo, na filamu ya Thunder Soul imesimulia habari yao. Huku kwetu nako, Fort Worth ndiko walikozaliwa Ornette Coleman na King Curtis, wote wapuliza saksafoni. Napita barabara zao kila siku nikienda kazini na sikuwa na habari.

Mume wangu hakuguswa sana na hadithi ya Whalum. Alisema, "Huyo ni mmoja. Waliobaki wako wapi?" Swali la haki. Nikamtafutia Everette Harp, mzaliwa wa Houston, mwaka 1961, mtoto wa mwisho kati ya wanane, baba mchungaji, mama mpiga ogani. Alisoma muziki chuo kikuu cha North Texas pale Denton, karibu tu na kwetu, chuo kilichoanza kutoa digrii ya jazi mwaka 1947 kabla ya kingine chochote. Alipomaliza alifanya kazi ya uhasibu kwa muda, huku akipiga na bendi za Houston, mpaka mwaka 1988 alipohamia Los Angeles. Huko akazunguka na Teena Marie, kisha Anita Baker, halafu akatoa albamu zake mwenyewe. Mume wangu ni mhasibu. Hakusema neno, lakini aliniomba nimtumie jina kwenye simu.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu aseme muuguzi huyu amewadanganya watoto wetu. Jazi laini si soko lililokuwa miaka ya 1990. Zamani Dallas na Houston zilikuwa na redio kubwa zinazopiga muziki huo mchana kutwa. Redio hizo zilibadili mtindo katika miaka ya 2000, na mpulizaji akapoteza mtu wa kumtangaza bure. Wanaoishi kwa saksafoni leo wanaishi kwa vipande: tamasha hapa, harusi pale, safari za meli, kanisa, studio, wanafunzi. Hata Whalum ukimtazama vizuri ni hivyo hivyo. Aligeukia muziki wa injili kwa mfululizo wa The Gospel According to Jazz. Akarudi Memphis, akasoma shahada ya uzamili ya dini katika seminari, akaongoza shule ya muziki ya Stax inayofundisha vijana. Grammy yake aliipata mwaka 2011, akiwa na miaka 52, kwa wimbo wa injili "It's What I Do" aliotunga na Jerry Peters. Miaka 52, wazazi wenzangu. Sisi tunataka mtoto awe amefika akiwa na 25.

Na kwetu je? Baba yangu angeshangaa swali hili. Kwake neno jazz halikuwa la Kimarekani: lilikuwa Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa tangu 1932, yaani dansi. Alipomsifu King Michael Enoch wa Mlimani Park, alimsifu kwa mdomo wa bata. Kinshasa alikuwepo Verckys Kiamuangana, aliyepuliza OK Jazz kwa Franco, akatoka mwaka 1969 kuanzisha Orchestre Vévé, na baadaye akawa na studio na lebo yake mwenyewe. Mpulizaji mfanyabiashara, alifariki mwaka 2022. Kampala Moses Matovu amekuwa na Afrigo Band tangu 1975. Na kwa jazi laini hasa yuko Isaiah Katumwa, Mganda aliyejifunza saksafoni mwenyewe na kuigeuza kazi ya maisha. Kwa hiyo ile kauli yangu ya "mpiga bendi" ilikuwa tusi kwa watu ambao baba yangu aliwavulia kofia.

Kiangazi tulikwenda Houston kwa shemeji, saa nne za barabara ya I-45. Jumamosi nikamwambia kijana twende tukazunguke kidogo. Nikampeleka Third Ward, tukapita taratibu mbele ya Texas Southern. Nikamwambia, "Hapa ndipo alipoletwa yule wa wimbo wa Whitney, kwa bendi ya mpira." Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Mama, najua. Nilikuwa najua kabla hujaanza kusoma." Nikamwomba msamaha pale pale ndani ya gari. Kwetu mzazi haombi msamaha kirahisi, na yeye hakujua aangalie wapi. Akawasha redio.

Tulipokubaliana si pale alipotaka yeye wala baba yake. Ataomba vyuo viwili kwa ualimu wa muziki na kimoja kwa uchumi. Wengi hatulijui hili: mwalimu wa bendi Texas ni mwalimu mwenye cheti, mwenye mshahara, bima na pensheni, na jioni zake akapulize anakotaka. Pia atajaribu mchujo wa bendi ya jimbo zima. Unaanzia ngazi ya eneo lenu, na wanaofuzu hukutana San Antonio kila Februari. Wazazi wenye watoto wa darasa la nane na tisa, muulizeni mwalimu wa bendi mapema, na muulize kama shule ina ala za kuazima. Mimi nilikodi kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kujua kwamba baadhi ya shule huazimisha.

Ratiba ya nyumbani tumeibandika kwenye friji. Nikitoka zamu nalala saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, yeye anarudi shule saa kumi, anapulizia gereji mpaka saa kumi na mbili. Jana nilichelewa kuamka, nikamkuta kashaanza. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na mkoba wa kazini bado begani, anamuuliza mchujo ni tarehe ngapi ili aombe ruhusa.