Mitumbwi, Mahema na Viboko: Biashara ya Mapumziko ya Familia katika Ziwa Babati

Biashara ya mapumziko ya mwisho wa wiki, yaani ile inayowauzia wakazi wa mijini siku mbili za kutoka nyumbani na watoto, kupanda chombo majini na kulala ndani ya hema, imestawi Afrika Mashariki hasa kando ya mito mikubwa: Nile katika mji wa Jinja nchini Uganda, Tana katika eneo la Sagana nchini Kenya, na Rufiji katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019. Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, hauna mto wa aina hiyo. Mikondo mingi ya eneo hilo ni makorongo, ambayo hujaa maji kwa saa au siku chache wakati wa mvua na kubaki mchanga mtupu kiangazi, na Mto Tarangire, unaowanywesha wanyama hata miezi ya ukame, umo ndani ya hifadhi ya taifa. Babati ina ziwa la maji baridi lililo jirani kabisa na mji, lenye viboko wanaoonekana mchana kweupe, na biashara ya mtumbwi na hema mjini humo haina budi kuegemea ziwa hilo.

Kwa muda mrefu Babati imekuwa mji wa kupita. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya ile njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, huleta mabasi, malori na magari ya watalii, lakini mtalii wa kigeni anayetoka Arusha kwenda Tarangire huacha barabara kuu kabla ya kufika Babati, akalala katika kambi za huko na kurudi alikotoka, hivyo fedha yake kwa sehemu kubwa haifiki mjini. Mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioanza nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwapeleka wageni kwa Wagorowa, Wairaqw na Wabarbaig, kuwapandisha Mlima Kwaraha na kuwapakia katika mitumbwi ya wavuvi. Kazi hiyo ilileta heshima na kipato, ila mteja wake aliendelea kuwa mgeni kutoka mbali, ambaye hutoweka mara tu dunia inapopata msukosuko, kama ilivyodhihirika mwaka 2020.

Soko jipya lilifunguliwa na lami. Mwezi Aprili mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa rasmi, wakati ambapo serikali ilikuwa katikati ya kuhamishia shughuli zake Dodoma, kazi iliyoanza kwa nguvu mwaka 2016. Maana yake kibiashara ni kwamba familia za watumishi wenye mishahara ya kila mwezi, wengi wao wakiwa na watoto wa shule na baadhi wakiwa na magari, zimewekwa umbali wa safari ya nusu siku kutoka ziwani, wakati mji wanaoishi umo katika nyanda kame. Utalii wa ndani, yaani safari za mapumziko zinazofanywa na wakazi wa nchi wenyewe, mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni suala la kuwahamasisha wananchi wapende vivutio vyao, lakini uhaba wa hamasa si kikwazo kikubwa. Waumini wa Kisabato wamekuwa wakihudhuria makambi kila mwaka kwa vizazi kadhaa, wakibeba magodoro, sufuria na watoto, na shule hupeleka wanafunzi hifadhini kila mara. Watanzania wanajua kulala nje ya nyumba zao; kinachokosekana ni huduma iliyopangwa kwa bei ambayo baba na mama wenye watoto watatu wanaweza kuilipa bila kukopa.

Kwa upande wa gharama, mtumbwi una faida ambayo gari la safari halina. Gharama za kudumu, yaani zile ambazo mwenye biashara huzilipa awe na mteja au asiwe naye, ni ndogo, kwa kuwa chombo tayari ni cha mvuvi na kinafanya kazi ya samaki alfajiri kabla ya wageni kuamka. Abiria wa saa nne asubuhi ni kipato cha pili juu ya mtaji uleule. Hata hivyo, mtumbwi mwembamba hauwezi kumpakia mtoto kwa namna anavyopakiwa perege na kambale. Unayumba mzigo ukihama, na mtoto ni mzigo usiotulia. Jaketi okozi, vazi linalomfanya aliyeanguka majini aelee, halina budi kumkaa mtoto barabara, kwa sababu la mtu mzima humchomoka kichwani mara anapotumbukia. Kwa hiyo ununuzi wa kwanza wa mwenye mtumbwi anayetaka familia unapaswa kuwa majaketi ya saizi za watoto, kabla ya rangi, bango au injini, na usimamizi wa vyombo vidogo uliokabidhiwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, unastahili kupokewa na wavuvi kama kinga ya biashara yao wenyewe.

Kivutio chenyewe ndicho hatari yenyewe. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua, na jioni hupanda nchi kavu kula majani, akipita njia zake za siku zote hadi mashambani, ambako mara nyingi humkuta mkulima amepanda mahindi. Majini hupindua chombo kinachomkaribia au kumtenga na ndama wake. Nchi kavu humshambulia yule anayemzibia njia ya kurudi ziwani. Mpiga kasia mzoefu hujua kundi limelala wapi siku hiyo na hujiweka mbali nalo, na ujuzi huo, usioandikwa popote, ndio bidhaa halisi ambayo mgeni hununua. Tangu mwaka 2011 zipo kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, malipo ambayo serikali huwapa walioharibiwa mazao na wanyama wakali, au waliojeruhiwa na waliofiwa, lakini hakuna kifuta machozi kinachoweza kurudisha imani ya wateja baada ya mtoto mmoja kupotea.

Hapo ndipo sheria ya ardhi ya ufukweni inapokutana na tabia ya mnyama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya maji hayo. Wawekezaji wengi huziona mita hizo kuwa hasara, kwa kuwa hoteli huuza mandhari ya maji. Kwa kambi ya mahema, kinyume chake ndicho kilicho kweli: ukanda huo ndio malisho ya kiboko usiku, na hema linalokaa mbali nao, mahali palipoinuka, penye moto na mlinzi, humwachia mnyama njia yake na kumwachia mzazi usingizi wake. Hema halichimbiwi msingi, halimwagi saruji ufukweni, na hung'olewa maji yanapopanda.

Na maji ya Babati hupanda. Mwaka 1990 ziwa lilifurika na kuingia mjini, na udongo unaosombwa kutoka milima iliyolimwa bila makinga maji huendelea kupunguza kina chake. Jinja inatoa mfano wa jinsi biashara ya namna hii inavyoweza kuondokewa na msingi wake: wasafirishaji wa wageni kwenye maji ya kasi ya Nile walipoteza maporomoko ya Bujagali kwa bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, wakahamia chini zaidi, kisha Bwawa la Isimba la mwaka 2019 likameza sehemu nyingine. Babati haitishwi na bwawa, inatishwa na jembe la mteremkoni, na kwa sababu hiyo mkulima wa juu ni mshirika wa mwenye mtumbwi hata kama hawajawahi kukutana.

Mtaji wa kuanzia si mkubwa kiasi cha kuhitaji benki. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na utaratibu huo, uliositishwa mwaka 2023, ulirejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama kikimiliki mahema na jiko, na cha vijana kikimiliki mitumbwi na majaketi, fedha ya familia moja inaweza kugawanyika katika kaya nyingi za mjini humo. Kalenda nayo ina mantiki yake: likizo ya Desemba huangukia kwenye mvua, hivyo msimu wa kweli huanza na likizo ya Juni, wakati anga ni kavu, na kwa kuwa Babati iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni ni wa baridi kali, na blanketi zito kwa kila mtoto halina budi kuhesabiwa ndani ya bei.