Mjue Ndege Kabla ya Kumtupia Jiwe

Siku moja mzee mmoja alifika afisini kwetu asubuhi na mapema, akiwa na gunia tupu mkononi. Gunia lilikuwa na matundu mengi. Akalitandaza juu ya meza yangu akasema, "Karani, tazama kazi ya panya. Mbegu zangu za msimu ujao zimeliwa. Nipe dawa."

Nikamwuliza, "Mzee, mwaka jana panya walikuwapo?"

"Walikuwapo, mwanangu, lakini si kama hawa."

"Na katika ghala lako kumebadilika nini?"

Akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba palikuwa na bundi wawili waliokaa chini ya paa la ghala. Mkewe alipougua, majirani walisema ndio wanaoita mauti. Basi wanawe wakawaua kwa mawe, na mizoga wakaichoma moto. Mkewe akapelekwa hospitali, akatibiwa malaria, akapona. Lakini panya wakaongezeka.

Sikumcheka mzee huyo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana wa shule, nilimpiga bundi kwa teo nikasifiwa nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimemwua askari wa ghala la baba yangu.

Ndugu mkulima, shambani mwako mna ndege wa namna nyingi. Wako wakusaidiao bila mshahara, na wako wakuibiao. Ukishindwa kuwatambua utaua rafiki na kumwacha adui. Basi tuwatazame wachache.

BUNDI WA GHALA. Huyu ana uso mweupe wenye umbo la moyo, tumbo jeupe na mgongo wa rangi ya dhahabu na kijivu. Halii kama bundi wengine. Hupiga ukelele mkali wa kukwaruza, na ndiyo maana watu humwogopa. Lakini tazama uwezo wake. Masikio yake hayakulingana: moja liko juu kidogo kuliko jingine. Sauti ya panya humfikia kwa tofauti ndogo sana katika kila sikio, naye kwa tofauti hiyo hujua panya yuko wapi. Wataalamu wamempima ndani ya chumba chenye giza kabisa, naye akamkamata panya kwa kusikia tu. Na manyoya ya mabawa yake yana kingo laini kama nyuzi, hata panya hasikii akijiwa.

Ukitaka ushahidi, tafuta chini ya mahali alalapo. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Lipasue donge hilo kwa kijiti uhesabu mafuvu ya panya. Hutaona punje hata moja ya mahindi.

MWEWE NA MWENZAKE. Akina mama wengi wanaofuga kuku hurusha mawe kwa kila ndege mwenye mdomo uliopinda. Lakini tazama mkia kwanza. Mwewe mwizi wa vifaranga ni wa rangi ya kahawia, na mkia wake una panda kama mkia wa samaki. Yuko mwingine, mnene zaidi, ambaye mgongo wake ni mweusi na tumbo lake mara nyingi ni jeupe, na mkia wake ni mfupi, mwekundu kama tofali. Huyu huonekana sana katika nyanda za juu, na kando ya Naivasha pia, akikaa juu ya nguzo au akisimama hewani mbele ya upepo. Anatafuta fuko, panya na nyoka. Kifaranga aweza kumchukua mara mojamoja, lakini kazi yake kubwa ni fuko, yule yule alaye viazi vyako toka chini. Wafungie vifaranga wako katika tundu, umwache afanye kazi yake.

KWELEA. Sasa tumtaje adui wa kweli. Kwelea ni mdogo kuliko shomoro, na mdomo wake ni mnene na mwekundu. Wakati wa kuzaa dume huwa na uso mweusi, na mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Hutembea kwa makundi makubwa, ambayo kwa mbali huonekana kama moshi unaobingirika juu ya shamba. Usimchanganye na mnana wa manjano afumaye kiota chake mtini karibu na nyumba; huyo naye hula nafaka, lakini haji kwa maelfu elfu.

Kwelea mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Twaweza kusema hiyo si kitu. Lakini piga hesabu: ndege 1,000,000 hula kilo 10,000, yaani magunia zaidi ya 110 ya kilo 90, kwa siku moja tu! Mwezi wa Januari 2023 walivamia mashamba ya mpunga huko Kisumu, na ikabidi serikali inyunyize dawa.

Lakini dawa hiyo si kazi ya mtu mmoja mmoja. Sumu haichagui. Karibu mwaka 2009 ilijulikana kwamba huko Bunyala watu walitumia dawa ya wadudu iitwayo kabofurani kuwaua ndege wa mashamba ya mpunga, kisha nyama yao ikauzwa iliwe. Na katika sehemu za wafugaji, dawa hiyo hiyo iliwekwa katika mizoga ili kuua simba, wakafa na tumbusi wengi, ambao kazi yao ni kusafisha nchi. Basi ukiona kundi la kwelea, au viota vyao vingi juu ya migunga, piga ripoti mapema kwenye afisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Wakati huo huo, weka watu wa kuamia shamba, hasa asubuhi na jioni.

YANGEYANGE. Ndege huyu mweupe afuataye ng'ombe anajulikana na kila mtoto. Mdomo wake ni wa manjano; yule mweupe wa mtoni mwenye mdomo mweusi na vidole vya manjano ni mwingine. Watu husema hula kupe. Kwa kweli chakula chake kikubwa ni panzi wanaoruka ng'ombe anapotembea. Basi mpende yangeyange kwa ajili ya panzi, lakini usiache kupeleka ng'ombe wako joshoni.

MWONGOZA-ASALI. Huyu ni wa ajabu kuliko wote. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu, na akiruka huonyesha manyoya meupe kando ya mkia. Humjia mtu, akalia kwa kelele, akaruka mbele kidogo, akangoja, mpaka amfikishe kwenye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hula nta na mabuu. Bwana Hussein Isack, mtaalamu wa Kenya, pamoja na mwenzake Reyer, walichunguza jambo hili kati ya Waborana wa kaskazini, wakatoa habari zao mwaka 1989. Mtu asiye na ndege alitafuta mzinga kwa karibu saa 9. Aliyefuata ndege alitumia saa 3 na kidogo. Ndege alikuwa akimwambia ukweli!

Basi kabla ya kuokota jiwe, jiulize maneno manne. Mdomo wake ukoje? Mkia wake ukoje? Huja peke yake au kwa kundi? Na la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote: umemwona kwa macho yako akila nini? Mara nyingi ndege hushitakiwa kwa maneno ya majirani tu, kama bundi wa yule mzee.

Naye mzee sikumpa sumu. Nilimweleza kwamba panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye aweza kufa. Nikamshauri atie mbegu katika mapipa ya bati yenye vifuniko, afyeke majani kuzunguka ghala, atege mitego, na atundike sanduku la mbao chini ya paa, lenye tundu la kumtosha bundi kuingia.

Juzi nilimkuta sokoni. Mapipa amekwisha nunua, na panya wamepungua. Sanduku amelitundika mwenyewe, na wanawe amewakataza mawe. Nikamwuliza kama bundi wamerudi.

"Bado," akasema. "Kila usiku nasikiliza."