Samaki wa Maji Moto ya Magadi na Mpaka wa Kila Kiumbe

Hakuna mpishi wa maharage asiyeyajua magadi. Kidogo tu hulainisha chungu kizima, na yakizidi chakula hakiliki. Lakini si wasomaji wetu wote wajuao kwamba katika maji yaliyojaa magadi hayo, tena maji ya moto, wamo samaki wanaoishi, kuzaa na kulea watoto wao. Nao wako papa hapa Kajiado.

Mtu atokaye Kitengela hupita Isinya, akashika njia ya Kiserian, kisha akateremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi. Huko juu alikotoka ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwani ni karibu mita 600 tu, na joto lake ni la tanuri. Ziwa lenyewe kwa mbali hufanana na uwanja mweupe. Weupe huo ni ganda la magadi, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Kandokando ya ganda hilo hububujika chemchemi za maji moto, nyingine zikipita nyuzi 80 za Sentigredi. Maji hayo hutiririka kwenye vidimbwi, yakipoa kidogo kidogo, na humo ndimo wanamokaa samaki.

Samaki hao ni wa jamii ya perege, ambao watu wa Ziwa Victoria huwaita ngege, lakini ni wadogo. Kwa kawaida hawafiki sentimita 10. Jike huyalea mayai yake kinywani. Huvumilia joto la kadiri ya nyuzi 42, hali joto la mwili wa mwanadamu mzima ni 37. Usiku, hewa ndani ya maji inapokaribia kwisha, hupanda juu na kuvuta hewa kwa vinywa vyao. Tena liko jambo lililowashangaza wataalamu mwaka 1989. Samaki wengi hutoa taka za mwili kwa namna ya amonia, lakini katika maji makali kama haya amonia haitoki mwilini kwa urahisi. Basi samaki wa Magadi huigeuza taka hiyo kuwa urea, kitu kile kile kilicho katika mkojo wa ng'ombe, na ambacho mkulima hukinunua kwa magunia kuwa mbolea.

Chakula chao ni mwani unaotanda juu ya mawe. Ukitazama vizuri karibu na chemchemi utaona mstari, kana kwamba umepigwa kwa rula. Upande wa maji yaliyopoa, mwani umeliwa ukawa mfupi. Upande wa maji moto zaidi, mwani umestawi bila kuguswa. Mstari huo ndio mpaka wa samaki. Malisho mazuri wanayaona, lakini joto limewafungia mlango.

Mistari ya namna hii yaonekana pia kwenye miamba ya pwani. Msomaji aliyefika Mombasa wakati wa maji kupwa huenda ameona, juu ya miamba ya matumbawe, vigamba vidogo vigumu mfano wa vilima vyenye tundu kileleni. Wengi hudhani ni chaza, kumbe ni jamaa wa kaa na kamba. Kiumbe huyo akishajigandisha mwambani hahami tena mpaka kufa. Maji yakijaa hutoa miguu yake myembamba na kujichotea chakula, yakipwa hujifungia ndani. Penye mawimbi makali, ambapo maji hurushwa juu sana, viumbe hao huweza kukaa juu zaidi kuliko penye ghuba tulivu.

Katika miaka ya 1950, Joseph Connell, mtaalamu wa Marekani, aliwachunguza viumbe wa jinsi hiyo katika kisiwa cha Cumbrae, nchi ya Scotland, akachapisha habari zake mwaka 1961. Aina moja ndogo ilikaa juu ya mwamba, aina kubwa ikakaa chini. Connell alipowaondoa wale wakubwa, wadogo waliweza kuishi hata huko chini. Basi kilichowazuia si maji, ila ni majirani, waliokua upesi, wakawafunika, wakawang'oa na kuwabana. Huko juu nako wakubwa hawakuweza kupanda, kwa sababu ya ukavu.

Mfugaji wa Kitengela hahitaji kufundishwa sana somo hili. Anajua kwamba mpaka mmoja wa malisho huwekwa na mbingu, mvua isiponyesha. Na mpaka wa pili huwekwa na jirani, ajapo na seng'enge na nyumba. Lakini mfugaji akibanwa aweza kuhama. Samaki wa Magadi hawezi.

Kadiri ya miaka 10,000 iliyopita ziwa hilo lilikuwa kubwa zaidi na maji yake hayakuwa makali kama leo. Lilipokauka, samaki walibaki katika vidimbwi vilivyotengwa na ganda la magadi. Ni kweli kwamba wengine walichukuliwa na watu wakapelekwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili kupunguza mbu, na ndege waitwao mwari wakafuata shibe hiyo kwa wingi. Lakini kwao kwa asili ni huku kwetu.

Kwa hiyo yafaa sisi tulio karibu tuzitunze chemchemi hizo. Tusifulie nguo humo kwa sabuni, tusitupe mafuta wala takataka, wala tusilete samaki wa kigeni. Kiumbe huyu amelishinda joto, amelishinda magadi, na usiku hushinda hata uhaba wa hewa. Jirani mbaya ndiye hana namna ya kumshinda, na jirani yake ni sisi.