MAZOEZI YA MACHO NA MIWANI YA KUSOMEA

Ndugu msomaji, shika gazeti hili kama unavyolishika siku zote. Je, unalisoma likiwa karibu, au unalisogeza mbali mpaka mkono unakwisha? Kama unalisogeza mbali, habari hii ni yako.

Hapa Songea wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima. Sasa tunasoma barua zetu wenyewe. Tunasoma mizani siku ya kuuza mahindi. Tunasoma maandishi ya mfuko wa mbolea na ya chupa ya dawa ya wadudu. Lakini mtu akifika miaka 40 hivi, herufi ndogo zinaanza kumsumbua. Uzi nao hauingii kwenye sindano. Wengine husema, "Nimesahau kusoma." Kumbe hawajasahau. Macho yao yamebadilika.

Wapo wanaosema eti dawa ni mazoezi. Zungusha macho kila asubuhi. Tazama kidole chako, halafu tazama mlima ulio mbali. Ukifanya hivyo, wanasema, hutahitaji miwani. Maneno haya si mapya. Mwaka 1920 daktari mmoja wa macho wa Marekani, William Bates, alitoa kitabu cha kufundisha mambo kama hayo.

Sisi nasi tulijaribu. Kwanza tulipima kwa kamba umbali wa gazeti kutoka machoni, tukafunga fundo. Tukafanya mazoezi kila siku kwa mwezi mzima. Mwezi ulipokwisha tukapima tena. Fundo lilikuwa pale pale.

Kwa nini? Ndani ya jicho mna lenzi. Katika ujana lenzi hiyo ni laini. Ukitazama kitu cha karibu inavimba kidogo, na kitu kinaonekana wazi. Miaka inavyokwenda lenzi inakuwa ngumu. Bates alidhani kazi hiyo inafanywa na misuli ya nje, ile inayogeuza jicho huku na huku. Alikosea. Hata ukiizoeza misuli hiyo, lenzi ngumu hairudi kuwa laini. Chungu kikishachomwa hukifinyangi tena.

Hali hii si aibu. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kutangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba katika kila watu 10 wenye miaka 40 na zaidi, 6 hivi walikuwa nayo.

Msaada wake ni miwani ya kusomea. Miwani haiharibu macho. Huko India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya namna hii. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba walichuma chai nyingi zaidi kwa siku kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa.

Je, mazoezi hayana faida hata kidogo? Ukisoma kwa muda mrefu, inua macho, tazama miti ya mbali, pepesa kope. Uchovu utapungua. Tena zipo shida chache za macho ambazo mtaalamu mwenyewe humpa mgonjwa mazoezi. Lakini usitazame jua hata siku moja, maana linaunguza ndani ya jicho. Wala usitie machoni maji ya majani.

Hatari kubwa ni kungoja. Huenda shida yako si lenzi ngumu, bali ni mtoto wa jicho. Huyo hutolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena. Au ni presha ya macho. Hiyo mara nyingi huja kimya kimya bila maumivu, na uoni ukishapotea haurudi. Mtu akizungusha macho mwaka mzima bila kupimwa, anaweza kuwa kipofu.

Basi, tufanye nini? Twende zahanati ya kijiji, tueleze shida yetu, tuulize wapi tutapimwa macho. Songea mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Peramiho ipo hospitali ya misheni. Tukishapimwa, tununue miwani kwa namba tuliyoambiwa.

Ndugu zetu, tulihangaika sana kujifunza kusoma. Kisomo hicho kisipotee kwa kukosa miwani.