Eksirei Safi, Maumivu Palepale!

Mwenzi wako anaamka vidole vimekakamaa, hata kufunga vifungo vya shati ni kasheshe. Eksirei imetoka safi, nawe unaanza kudhani anadeka. Hebu subiri!

Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini siyo utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Ugonjwa wa baridi yabisi aina ya rumatoidi, unaowapata zaidi wanawake, huanzia hapohapo. Ultrasaundi huweza kuuona uvimbe huo mapema, tena bila mionzi. MRI huonyesha mpaka ndani ya mfupa.

Kwa hiyo, vidole vikivimba na ugumu wa asubuhi ukizidi nusu saa kwa wiki kadhaa, rudini kwa daktari kabla mifupa haijaanza kulika. Mkiwa wawili, lakini!